Saa inayopanda na kushuka: nadharia ya Einstein inavyojaribiwa angani

Tarehe 20 Februari 1962 Mmarekani John Glenn aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo kidogo kilichoitwa Friendship 7, na njia yake ilipita upande wetu. Marekani wakati huo ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wake wa kupeleka watu angani, hapa Unguja, kule Tunguu, na wahudumu wa kituo walizungumza na Glenn kwa redio akipita juu. Kituo kilizusha maneno mengi, wapo walioamini kuwa ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa. Hayo wazee wanayasimulia. Ambalo halisimuliwi ni kwamba, kama Einstein alisema kweli, Glenn alirudi akiwa na umri mdogo kidogo kuliko ambao angekuwa nao lau angebaki chini. Safari yake haikutimia saa tano. Ukipiga hesabu, tofauti inakuja kama mikrosekunde tano au sita, na mikrosekunde ni sekunde moja iliyogawanywa mara milioni.

Hakuna aliyeipima. Chombo chake hakikuwa na saa ya kuweza kuona kitu kidogo namna hiyo. Kwa hiyo habari ya umri wa Glenn ni hesabu tu. Nadharia hiyo ya Einstein, iitwayo ya uhusianifu, husifiwa sana kwa sababu ya uzuri wa hesabu zake, lakini fizikia haikubali sifa hiyo. Inataka mtu aende pahala ambapo nadharia inaweza kuumbuka, apime, arudi na namba. Angani ndiko pahala penyewe, na kilichowashughulisha wataalamu zaidi si kurusha roketi. Ni kujua kama walichokipima ni kazi ya muda au ni kasoro ya chombo chao.

Tuanze na madai yenyewe. Mwaka 1905 Einstein alisema saa inayokwenda mbio huhesabu muda polepole kuliko iliyotulia. Mwaka 1915, katika nadharia pana zaidi, akaongeza kwamba mvutano, ile nguvu inayovuta vitu viangukie chini, nao una athari yake: saa iliyo karibu na dunia, ambako mvutano una nguvu, huenda polepole kuliko iliyo juu. Setilaiti inayabeba yote mawili, na yanavutana. Mwendo unaichelewesha saa yake, urefu unaiharakisha. Chini ya kimo cha kilomita 3,200 hivi mwendo ndio unaoshinda, ndiyo maana Glenn, aliyekuwa kilomita mia mbili hivi juu yetu, "alichelewa" kuzeeka. Juu ya kimo hicho urefu unashinda, na saa inatangulia.

Hapa watu huuliza swali zuri: ni saa inayopotea, au ni muda wenyewe? Nadharia inajibu bila kigugumizi kwamba ni muda. Moyo wa mtu, kuoza kwa chembe za mionzi, saa za atomu, iwe ya haidrojeni au ya sesiamu, vyote vinapaswa kupungua mwendo kwa kiasi kilekile. Saa ikichelewa kwa sababu ya baridi au mtikisiko, ya aina nyingine itachelewa vingine. Basi kutumia saa za aina mbalimbali si mapambo, ni sehemu ya jaribio.

Mfano unaotajwa kila siku ni GPS, na manahodha wetu wa Mkokotoni na Wete wanaoitumia kutafutia miamba ya samaki wanajua faida yake kuliko mtu yeyote. Setilaiti za GPS ziko kimo cha kilomita 20,200. Mwendo wao unazichelewesha saa zao mikrosekunde 7 kwa siku, kimo kinazitanguliza 45, jumla zinatangulia 38. Mawimbi ya redio hukimbia mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo mikrosekunde 38 ni zaidi ya kilomita 11. Ndipo unaposikia kwamba bila Einstein, boti iliyotoka bandari ya Malindi mjini ingejikuta kwenye ramani imeruka kilomita 11 kila siku, na baada ya siku nne ingekuwa inaelea mashambani huko Bara.

Maelezo hayo yanapendeza, na mimi siyapendi. Kifaa mkononi mwa nahodha hakina saa ya atomu. Kinapokea mawimbi ya setilaiti nne au zaidi na kulinganisha tofauti zao, na katika hesabu hiyo kinatafuta pia saa yake mwenyewe imekosea kiasi gani. Saa zote za angani zikitangulia kwa kiasi kimoja, sehemu kubwa ya kosa hilo inamezwa humohumo. Hitilafu ingekuwapo, ila isingekuwa rahisi kama kilomita 11 kwa siku. Na zaidi ya hapo, setilaiti za GPS zinarekebishwa kila mara na vituo vya ardhini. Chombo kinachosahihishwa kila siku ni shahidi dhaifu, maana hata nadharia ikikosea kidogo, marekebisho yataificha aibu.

Shahidi mzuri alikuwa setilaiti iliyotangulia mfumo wenyewe. Iliitwa NTS-2, ikarushwa tarehe 23 Juni 1977 ikiwa na saa ya sesiamu. Ilifungwa kifaa cha kurekebisha tofauti ya Einstein, lakini kifaa hakikuwashwa mwanzoni. Saa iliachwa iende itakavyo kwa siku 20 hivi. Nadharia ilikuwa imeshasema kabla: saa itatangulia kwa sehemu 446.5 katika kila milioni ya milioni. Ilipopimwa, ilikuwa imetangulia kwa 442.5. Baada ya hapo kifaa kikawashwa. Tangu siku hizo saa za GPS hupunguzwa mwendo kwa makusudi kabla ya kurushwa, ili zikifika juu ziende sawa na za chini.

Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 18 Juni 1976, mwanafizikia Robert Vessot na wenzake walikuwa wameshafanya jaribio fupi na kali zaidi. Waliirusha saa ya haidrojeni kwa roketi kutoka Wallops, Virginia, moja kwa moja juu hadi karibu kilomita 10,000, ikaanguka katika Bahari ya Atlantiki. Safari nzima ilichukua muda usiofika saa mbili, na muda wote huo saa ya juu ilikuwa ikilinganishwa kwa redio na ya chini. Jaribio hilo, Gravity Probe A, lilikubaliana na Einstein kwa usahihi wa takriban sehemu moja katika elfu kumi. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya miaka arubaini, na iliyoivunja ilikuwa ajali.

Tarehe 22 Agosti 2014 Ulaya ilirusha setilaiti mbili za mfumo wake wa Galileo kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Soyuz. Hatua ya juu ya roketi ilikuwa na kosa ambalo fundi bomba yeyote angelilalamikia: mrija wa heliamu baridi ulifungwa ukagusana na mrija wa haidrazini, fueli inayotumiwa kuelekeza chombo. Fueli ikaganda njiani, roketi ikaelekea siko, na setilaiti zikaachwa kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, iliyorefuka kama yai badala ya duara. Kwa kazi ya kuelekeza magari na meli ilikuwa hasara. Wahandisi walitumia fueli ya setilaiti zenyewe kuzinyanyua, lakini obiti haikuwa duara tena. Kila mzunguko, unaochukua saa kumi na tatu hivi, zilikuwa zikipanda na kushuka kilomita 8,500.

Kwa nini kasoro hiyo iwe neema? Saa iliyo kwenye obiti ya duara inatangulia kwa kiasi kilekile siku zote. Ukikuta imetangulia, huwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya mvutano. Huenda ndivyo ilivyotengenezwa, au imezeeka. Fikiria mtu anayetaka kujua kama maji ya Forodhani yanasukumwa na mwezi. Akiutazama ukuta mara moja akaona umelowa, hajapata kitu, huenda ni mvua. Lakini akiona alama ya maji inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa zamu ileile inayofuata mwezi, mvua haimo tena katika maneno. Setilaiti mbili za Galileo zilikuwa na kujaa na kupwa kwake. Saa zikikaribia dunia zinapunguza mwendo, zikienda mbali zinaongeza, tena na tena, na kasoro ya kiwandani haina sababu ya kufuata zamu hiyo.

Ila kuna kitu kimoja kingeweza kuifuata, nacho ni jua. Joto lake hubadilika kadiri setilaiti inavyozunguka, na msukumo wa mwanga wake huitikisa obiti kidogo, na kosa la obiti linajivika sura ya kosa la saa. Wataalamu wa Paris na wa Bremen walichambua takwimu za siku zaidi ya elfu moja, wakatumia miale ya leza kutoka ardhini kujua setilaiti ziko wapi hasa, wakasubiri mwelekeo wa jua ubadilike kwa misimu huku mvutano ukibaki palepale. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Einstein alipita, na usahihi ulikuwa mara tano hivi zaidi ya ule wa mwaka 1976. Kwangu mimi, katika majaribio yote ya angani hili ndilo linalofundisha zaidi, na halikuwa kwenye bajeti ya mtu.

Lililokuwa kwenye bajeti, tena kwa miongo, ni Gravity Probe B. Hili halikuhusu saa. Nadharia ya mwaka 1915 inasema uzito wa dunia unaikunja nafasi iliyoizunguka, na kwamba dunia inapojizungusha inaiburuta nafasi hiyo kidogo pamoja nayo. Kitu kinachozunguka kama pia, kikiachwa bila kuguswa, kinapaswa kuelekea upande mmoja milele. Ndani ya nafasi iliyokunjwa na kuburutwa, mwelekeo wake utahama taratibu. Wanafizikia Leonard Schiff na George Pugh waliwaza jaribio hilo kila mmoja kivyake mwaka 1959 na 1960. Chombo kiliruka tarehe 20 Aprili 2004. Francis Everitt wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyejiunga na kazi hiyo kijana mwaka 1962, ndiye aliyekuwa akiiongoza.

Ndani yake mlikuwa na tufe nne za kwatsi, kila moja na kipenyo cha milimita 38, zimesuguliwa hadi kuwa katika vitu vya mviringo kabisa vilivyowahi kutengenezwa na mkono wa mtu. Zilipakwa utando mwembamba wa metali ya niobi, zikatumbukizwa katika baridi ya nyuzi 271 chini ya sifuri ndani ya tangi la heliamu, zikazungushwa zikielea bila kugusa kitu. Darubini ya chombo ilikazia macho nyota moja, IM Pegasi. Kisha kazi ikawa kuangalia tufe hizo zitahama kiasi gani kutoka kwenye nyota hiyo kwa mwaka.

Digrii moja ukiigawa mara 3,600 unapata sekunde moja ya tao. Kukunjwa kwa nafasi kulitarajiwa kuhamisha tufe kwa sekunde za tao 6.606 kwa mwaka. Kuburutwa, kwa 0.0392 tu. Yaliyopatikana, na kutangazwa mwaka 2011, ni 6.602 na 0.0372. Ukisoma hapo utapiga makofi. Soma na kipimo cha shaka: ile namba ya pili ina wasiwasi wa 0.0072, karibu asilimia ishirini, wakati waliahidi asilimia moja. Ilikuwa imetumika takriban dola milioni 750. Kisa chake ni umeme. Juu ya tufe na juu ya ukuta wa ndani wa vikasha vyake mlibaki mabaka madogo ya chaji za umeme, yakivutana na kusukumana, yakazihamisha tufe kwa kiasi kikubwa kuliko kile kilichokuwa kikitafutwa. Ilibidi wakae miaka kuchambua takwimu ili waondoe athari ya mabaka hayo.

Wapo waliosema fedha zimetupwa, hasa kwa kuwa wakati huo tayari kulikuwa na setilaiti za LAGEOS, ya mwaka 1976 na ya 1992. Hizo ni mipira mizito ya sentimita 60 iliyojaa vioo 426, haina hata waya mmoja ndani, na leza za ardhini zikiipiga huonesha obiti yake inavyoburutwa. Mwaka 2004 Ignazio Ciufolini na Erricos Pavlis walidai kupata mburuto huo kwa uhakika wa asilimia kumi. Lakini njia ya LAGEOS inategemea kujua umbo la dunia, milima na mabonde ya mvutano wake, kwa undani mkubwa, na wapo waliobisha kwamba shaka yake imepunguzwa kwa matumaini. Gravity Probe B walisema wazi: tumeona, ila hatukuona vizuri kama tulivyotaka. Siku zote mimi humwamini zaidi anayenionesha tope la ndoo kuliko anayenihakikishia maji ni masafi.

Mwanga nao umepimwa. Mwanafizikia Irwin Shapiro alisema mwaka 1964 kwamba mawimbi yanayopita karibu na jua yatachelewa kufika, kwa sababu nafasi pale imekunjwa. Mwaka 2002, chombo Cassini kikiwa njiani kwenda sayari ya Zohali, jua liliingia katikati yake na dunia. Mawimbi ya redio kati ya vituo vya ardhini na chombo yalipita kandokando ya jua, na badiliko lake lililingana na nadharia kwa usahihi wa takriban sehemu mbili katika laki moja.

Na mwezi, huu tunaobishana kila mwaka kama umeandama au haujaandama, una vioo vilivyoachwa na wanaanga wa Apollo tangu Julai 1969. Leza zikitumwa na kurudi, umbali wake unajulikana kwa kiwango cha sentimita na chini ya hapo, ndivyo tunavyojua unatukimbia sentimita 3.8 kwa mwaka. Kwa Einstein muhimu ni jambo jingine: je, dunia, yenye kiini kizito cha chuma, na mwezi, ulio karibu wote mwamba, vinaangukia jua kwa mwendo mmoja? Vinaangukia kwa mwendo mmoja. Setilaiti ya Ufaransa MICROSCOPE, iliyorushwa Aprili 2016, iliuliza swali hilohilo kwa titani na platini. Chini, nazi na embe vikidondoka, anguko linaisha kabla hujapima kitu. Kwenye obiti kila kitu kinaanguka miezi na miezi bila kufika. Matokeo ya mwisho, mwaka 2022: hakuna tofauti hata ya sehemu chache katika milioni ya bilioni.

Yote haya yamefanywa katika mvutano dhaifu. Jua na dunia vinaikunja nafasi kidogo sana, na huenda nadharia inakosea pale ambapo mvutano ni mkali mno, karibu na mashimo meusi, ambamo hata mwanga hauwezi kutoka. Afrika Mashariki ina mkono wake humo: tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za anga iliruka kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi (ya Kenya, si ile ya bandarini kwetu), ikapewa jina Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukifanya chanzo cha Cygnus X-1 kuwa mtuhumiwa wa kwanza mzito wa kuwa shimo jeusi. Sasa Ulaya inajenga LISA, vyombo vitatu vitakavyotengana kilomita milioni 2.5 kila kimoja na mwenzake, ili vihisi mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, yanayotoka kwenye mashimo meusi makubwa yakigongana. Kurushwa kumepangwa katikati ya miaka ya 2030.

Karibu zaidi na dunia, Aprili 2025 mtambo wa ACES, wenye saa ya sesiamu ya Kifaransa iitwayo PHARAO, ulipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kinachokusudiwa ni kupima athari ya mvutano kwa usahihi wa sehemu mbili katika milioni, na pia kuzilinganisha saa bora za ardhini zilizo katika mabara tofauti.

Hili la pili linavutia watu wa upimaji ardhi. Saa za kisasa zimekuwa kali mno: mwaka 2022 wanafizikia wa Boulder, Marekani, waliona tofauti ya mwendo wa muda ndani ya kundi la atomu lenye urefu wa milimita moja tu. Weka saa moja Forodhani na nyingine kwenye kilima mita 100 juu yake, ya juu itatangulia theluthi moja ya mikrosekunde kwa mwaka, na saa za leo zingeiona tofauti hiyo bila kungoja mwaka. Geuza hesabu: ukijua saa imetangulia kiasi gani, umejua iko juu kiasi gani. Wapimaji hushindwa kuvusha vipimo vya mwinuko kutoka Unguja hadi Pemba kwa darubini na fimbo, maana kuna mkondo mpana katikati. Hutegemea usawa wa bahari, nao hauko sawa kila pahala. Saa moja Nungwi na nyingine Mkoani, zikiunganishwa kwa setilaiti, zingewapa jibu kwa mvutano wenyewe.